Siku Bi Sayyida Alipomtunza Jaji

Kiyoyozi cha tatu kilikufa siku ya Ijumaa, baada ya sala, mbele ya wageni. Kilianza kwa kukohoa, kikamtemea shemeji mmoja maji begani, kikatetemeka kama mbuzi aliyeona kisu, kikanyamaza. Cha kwanza kilikuwa kimekwenda Disemba na cha pili Januari, lakini miezi hiyo Maskati ina ubaridi wake na mtu hajali. Sasa ilikuwa mwisho wa Februari, na kila mkaazi wa mtaa wa Hail anajua kwamba joto haliji kwa hodi.

Wadha aliwatazama wageni wakijipepea kwa visahani vya halua, akawatabasamia kama mke wa balozi. Walipokwisha kuondoka alikwenda kabatini, akachomoa bahasha chini ya mashuka, akamwekea mumewe mapajani.

"Riali elfu moja na mia moja na arobaini," alisema. "Viyoyozi vitatu, fundi na usafiri. Kesho asubuhi tunakwenda dukani, na mie ndio ntakaechagua."

Marhoon, mstaafu wa wizara, umri sitini na nane, mpiga ngoma kubwa wa Beni la Hail, aliitazama bahasha ile kama mtoto anavyotazama keki ya siku ya kuzaliwa kwa mwenziwe.

"Wadha," alisema taratibu, "nna neno."

"Neno lako lina bei. Sema."

"Yale mashindano. Ya mabeni ya rika zote." Akajiweka sawa kwenye mto. "Nimeonana na waandaaji. Ngoma zetu zile hazikubaliki, ngozi zimechakaa, jaji mmoja kazigonga kwa kidole akaniuliza kama ni masufuria. Ngoma mpya nane, yangu kubwa wameipitisha, mia nane na arobaini. Halafu kuna dhamana, mia tatu. Wenzetu wote wameshatoa walichonacho, kimekwenda kwenye sare. Pengo lililobaki ni... ya'ni ni kama elfu moja na mia moja na arobaini."

Wadha akamkazia macho.

"Marhoon. Umehesabu pengo lako au umehesabu bahasha yangu?"

Marhoon alikohoa, ndilo jibu lake kwa maswali ya aina hiyo tangu walipooana.

Lakini hesabu yenyewe, ukiitazama kwa jicho la huruma, haikuwa ya kijinga. Beni lililotoka la kwanza au la pili lilirejeshewa gharama zote za msimu. Dhamana nayo ilirudi kwa kila asiyevunja sheria kubwa. Na Beni la Hail halikuwa mchezo: watu arobaini na mmoja, kuanzia mtoto wa miaka tisa mpaka mzee wa sitini na tisa, tarumbeta sita, na Reem, binti yao, mfanyakazi wa benki, aliyetangulia mbele na fimbo yake akiirusha juu na kuidaka bila kuitazama. Wadha mwenyewe alipiga matoazi. Tena ndiye mshika fedha wa beni. Kwa hiyo akikubali, Wadha mwenye nyumba atamkopesha Wadha mshika fedha.

"Mama," alisema Reem mlangoni, "benki yetu ingekukatalia mkopo huu kabla hujakaa kwenye kiti."

"Benki yenu haikuolewa na baba'ko."

"Na tukishindwa?"

"Hatushindwi!" alisema Marhoon.

"Hebu nyamaza wewe, mtoto kaniuliza mie." Wadha akaifungua bahasha, akaifunga, akaifungua tena. Alikuwa amezikusanya noti zile miezi kumi na minne, kwa kuuza sambusa na vileja vya Ramadhani na kwa kujifanya hapendi nguo mpya. Alijua joto la Julai likoje katika nyumba isiyo na kiyoyozi, maana aliwahi kulijaribu siku mbili tu, na siku ya pili alimkuta Marhoon kaegemea friji iliyo wazi, kalala wima kama farasi.

Lakini alijua pia kishindo cha ngoma nane mpya zikiingia pamoja. Alikwenda kuchukua kitabu cha risiti, akajiandikia, akatia saini mara mbili: mara moja kama mtoaji na mara moja kama mpokeaji.

"Mwaka huu," alisema, "tutakuwa wa pili. Wa kwanza sitaki, wa kwanza wanahusudiwa."

*

Ilibaki pesa ya basi. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya siku yenyewe mke na mume wakaenda Hamriya kumwona Bwana Bakhit, mwenye duka la mabomba, masinki na vyoo, mtu ambaye Marhoon aliwahi kumtilia saini karatasi fulani enzi zile saini yake ilipokuwa na uzito.

Bakhit aliwaketisha juu ya vyoo. Si kwa ubaya. Viti vilikuwa viwili, na kimoja alikalia yeye na kingine kilikalia simu zake. Wakapewa chai ya maziwa katika vikombe vya karatasi. Marhoon alikaa kwenye choo cheupe chenye kifuniko, kanzu kaipanga vizuri, bakora mkononi, akijitahidi kuonekana kama amekaa majlisi. Wadha aliuma ulimi asicheke.

"Mia moja na hamsini," alisema Bakhit kabla hawajamaliza maelezo. "Leo hii, taslimu."

"Mola akuzidishie!" alisema Marhoon.

"Ila nataka tangazo. Kwenye ngoma kubwa, pale mbele, ile duara. Jina la duka juu, namba ya simu chini, na katikati picha."

"Picha ya nini?"

Bakhit alimtazama kama anayemtazama mtu mzito wa kuelewa. "Ya bidhaa, ami. Hicho ulichokikalia ndicho kinachouzika kuliko vyote."

Marhoon akainuka, akakitazama alichokuwa amekikalia, akainua mkono kama anayeapa.

"Bwana Bakhit. Mie nnapiga ngoma ile mbele ya watu, ubavuni mwa mke wangu, nyuma ya binti yangu. Sitapiga choo."

"Upande wa pili je?" alisema Wadha haraka. "Ngoma ina pande mbili, Bwana Bakhit. Tena tunapogeuka watu wanauona."

"Wadha!"

"Naulizia tu. Bila picha, jina na simu, mia?"

"Bila picha watu watajuaje nauza nini?"

Wakavutana robo saa nzima. Bakhit akashuka mpaka choo kidogo cha ukubwa wa sahani, Wadha akashuka mpaka bomba peke yake, na Marhoon hakushuka kabisa, alisimama mlangoni akiyapa mgongo mabeseni. Mwisho Bakhit akachoka. Akatoa riali ishirini, akachukua kitabu chake, akaandika, akamgeuzia Wadha atie saini. Wadha akasoma: *Msaada kwa wazee wasiojiweza, ishirini.*

Kalamu ilisimama kidogo. Kwa umri wa miaka sitini na moja hakuwahi kupokea sadaka. Alikuwa mtoaji, na mtoaji anaijua vyema sura ya mpokeaji. Akatia saini. Alipotoka nje akamkuta mumewe kwenye jua la mchana, kidevu juu.

"Kasemaje?"

"Kasema anatutakia kila la kheri."

"Mtu wa heshima yule, ila ana kazi ya ajabu," alisema Marhoon, na Wadha akacheka mpaka akashika ukuta, akacheka kiasi cha kuficha lile jingine lililotaka kutoka.

*

Siku ilipofika, uwanja wa mpira wa Seeb ulijaa. Mabeni saba. Beni la Madinat Sultan Qaboos lilikuja na basi lenye mapazia, sare za bluu na vifungo vya dhahabu, wote wakimetameta kama sanduku la chokoleti. Katibu wao, Nawar, mwanamke mrefu mwenye faili, mtoto wa watu waliorudi kutoka Tabora, alipita mbele ya Wadha akasimama.

"Shikamoo, dada. Sare zenu nzuri. Mmeshona wenyewe?"

"Marahaba. Tumeshona wenyewe, ndiyo maana zinatutosha," alijibu Wadha, na Nawar akaondoka na tabasamu lililopinda upande mmoja.

Mkuu wa majaji, afisa mstaafu wa bendi ya jeshi, aliwakusanya viongozi akawasomea sheria. Dakika kumi na mbili, ukizidisha unakatwa. Majaji watatu watakaa juu jukwaani. Wa nne, Ustadh Hisham, atatembea uwanjani katikati ya wapigaji, na kinasa sauti mdomoni, akisema kila analolisikia: huyu kachelewa, yule kapinda mguu. Na kila asiyeandikishwa akivuka mstari mweupe beni linapopiga, inakatwa alama moja kamili kwa kichwa.

Wadha akayashika yote. Alikagua pini, alihesabu chupa za maji, aliwaonya watu arobaini mmoja mmoja kuhusu mstari mweupe. Aliyemsahau alikuwa amekaa safu ya pili ya watazamaji, na mkoba mapajani. Si kusahau hasa. Nani atamwonya mwanamke wa Unguja asitunze, asimchomekee mpigaji noti? Ni kama kumwonya mtu asiseme amin.

Bi Sayyida, dada mkubwa wa Marhoon, alikuwa na miaka sabini na nne na magoti yaliyogoma mbele ya kila daktari wa Maskati. Ngoma ikilia, magoti hayo hupata msamaha. Alikuja na mashoga zake watatu, wote wamejifukiza udi, na noti zao wamezinyoosha kwa pasi.

Beni la Hail liliingia la mwisho. Mwanzo ulikuwa wa kijeshi, mguu na mguu, na Wadha akiwa na matoazi yake alimwona Ustadh Hisham akizunguka baina yao, kilemba kimenyooka, midomo ikienda haraka haraka kwenye kile kijidude chake. Alimpita ubavuni. "...mama wa matoazi, wakati wake sawasawa..." alisikia kwa Kiarabu, na toazi la pili likalia kwa furaha kuliko ilivyopangwa.

Halafu wakafika kati. Reem alirusha fimbo, ikapanda, ikazunguka juani, na kabla haijashuka, Marhoon alifanya kile alichokifanyia mazoezi miezi mitano: aliuacha mwendo wa jeshi akaingia mwendo wa mtaani, ule wa Unguja, wa harusi na Sikukuu, ambao nyonga huuelewa kabla ya masikio. Ngoma nane mpya zikamfuata kwa pamoja. Reem akadaka. Uwanja ukasimama. Jukwaani jaji mmoja akaangusha kalamu na hakuiinamia.

Wadha alikuwa akicheka huku akipiga, machozi na jasho vikishindana kushuka, na ndipo alipoisikia sauti moja ikiwazidi wote: kigelegele kirefu, chembamba, chenye pembe mwishoni. Hakuna mtu mwingine Oman nzima anayekimalizia hivyo. Akageuza kichwa.

Bi Sayyida alikuwa ameshavuka mstari.

"Wifi, rudi!" alipiga kelele Wadha. "Rudi wifi, kwa Mungu!"

Matoazi yakaimeza sauti yake. Bi Sayyida alikuja akiyumba kwa madaha, noti juu, akamzungushia ndugu yake kichwani mara tatu, akamchomekea kofiani. Nyuma yake mashoga watatu, foleni yenye adabu, mmoja kwa tarumbeta, mmoja kwa Reem, mmoja kwa mtoto wa miaka tisa ambaye alipoiona riali alisahau miguu yote miwili. Wadha akihesabu: moja, mbili, tatu, nne. Hakuweza kuacha kupiga, maana anayeacha kupiga naye anakatwa. Alikuwa mshika fedha aliyefungwa mikono kwa matoazi, akitazama viyoyozi vyake vikitoka mlangoni kimoja kimoja.

Na hapo Bi Sayyida, akiwa katika kurudi, akageuka. Alimwona mwanamume mtanashati, katikati ya ngoma, kilemba safi, kashika kipaza sauti kidogo, midomo yenda mbio. Uso wake ukajaa huruma. Akafungua mkoba, akatoa noti nyingine, ya riali tano, akamwendea Ustadh Hisham, akamzungushia, akaichomeka vizuri katika kilemba chake, akasema naye neno, akampigapiga shavuni.

Ustadh Hisham alisimama kama nguzo. Upande wa Madinat Sultan Qaboos simu thelathini ziliinuka kwa mpigo mmoja.

*

"Amempa jaji pesa," alisema Nawar. "Hadharani. Yupo kwenye simu ya kila mtu."

Walikuwa katika chumba cha kubadilishia nguo chini ya jukwaa: mkuu wa majaji nyuma ya meza, Ustadh Hisham kando yake, noti ya riali tano kati yao juu ya karatasi nyeupe, haikuguswa na mtu, kama mjusi aliyekufa. Upande wa pili Marhoon, Wadha, Reem na Bi Sayyida, aliyeomba kiti akapewa, akaomba maji akapewa, na sasa alikuwa akitazama huku na huku kama mgeni rasmi.

"Sheria ni wazi," alisema mkuu wa majaji kwa Kiarabu chake cha kijeshi. "Kumhonga jaji: beni linaondolewa kwenye matokeo, dhamana haitarudi, na hawashiriki miaka mitatu."

Mia nane na arobaini Wadha alikuwa ameshaanza kuzililia taratibu, lakini na mia tatu nazo?

"Nawar," alimgeukia kwa Kiswahili, "wewe mtoto wa watu wa Tabora. Hujui kutunza ni nini? Harusini kwenu hamtunzi?"

"Tunatunza, dada. Ila Tabora hatutunzi majaji."

"Mie hata sikujua kama ni jaji!" alisema Bi Sayyida.

"Kila mtu anaweza kusema hivyo," alisema Nawar, naye hakukosea.

Marhoon akakohoa. Reem alikuwa ameng'ata ukucha. Ni Wadha aliyekitazama kile kijidude mezani, kilichokuwa bado na kitaa chekundu.

"Ustadh," alisema, "mashine yako ilikuwa inanasa wakati ule?"

Ustadh Hisham alikiangalia kana kwamba ndiyo kwanza anakumbuka kuwa nacho. Akarudisha nyuma, akabonyeza.

Ilitoka ngoma, mbali kidogo, na juu yake sauti yake mwenyewe, kavu, ya mwalimu: "...tarumbeta ya tatu chini kidogo. Mstari wa kushoto umepinda. Ngoma kubwa, mabadiliko ya mwendo... mabadiliko... mashaallah. Mashaallah. Ya salaam, ya salaam." Hapo mkuu wa majaji alimtupia jicho, na Ustadh Hisham akaanza kukagua dari. Kisha ukasikika mchakacho wa karatasi, na sauti ya kikongwe, karibu kabisa, kwa Kiswahili, ya upole wa mama anayemtia mwana moyo. Kisha ngoma peke yake. Kisha sauti ya Hisham, dhaifu: "...La hawla."

"Amesema nini huyu mama?" aliuliza mkuu. "Si ninyi." Akainua mkono kwa watu wa Hail. "Atafsiri mwenye malalamiko."

Nawar akajikohoza. Mashine ikarudishwa. Alisikiliza, akaomba irudishwe tena, na mara hii alishika faili lake kwa mikono miwili.

"Anasema..." Kidevu kilianza kumtetemeka. "Anasema: 'Imba kwa sauti, baba. Wanakufunika na hizo ngoma, hatukusikii hata kidogo. Chukua hii, ukanunue maziwa, koo limekukauka.'"

Aliimaliza sentensi, hilo lazima asifiwe, kisha akainama akafunika uso kwa faili, na mabega yakaanza kupanda na kushuka. Mkuu wa majaji aliangalia noti. Aliangalia kilemba cha mwenzake. Afisa aliyepita mbele ya wafalme bila kupepesa alitoa kishindo kimoja cha pua, kisha cha pili, halafu akaangusha paji la uso juu ya meza. Walicheka wote. Ustadh Hisham alicheka kwa kuchelewa, na alipoanza hakuweza kunyamaza, akawa anasema tu, "Maziwa! Maziwa!"

"Sasa mnacheka nini?" alisema Bi Sayyida. "Mtu yumo katikati ya ngoma, kashika maiki, mdomo unakwenda, sauti haitoki. Nimemwonea imani."

"Hongo hakuna," alisema mkuu, akijifuta macho kwa pembe ya kilemba. "Dhamana yao ipo. Nawar, una la kusema?"

"Sina," alisema Nawar kutoka ndani ya faili.

"Imebaki moja." Akavuta karatasi ya alama, na sauti yake ikawa ya mtu anayetaka kusaidia. "Wanawake wanne walivuka mstari. Kwenye mabadiliko yale, walikuja kwa mpangilio, wakazunguka, wakatoka. Kwa macho yangu ilikuwa kama sehemu ya onyesho. Kama ni sehemu ya onyesho, mlisahau tu kuwaandikisha, nitawaonya na yataisha. Kama si sehemu ya onyesho, ni alama nne."

Reem, mtoto wa benki, alikuwa ameshaisoma karatasi kinyumenyume. Akamnong'oneza mama yake: "Tuna themanini na sita nukta mbili. Nawar na wenzake wana themanini na mbili nukta sita. Mama, sema ndiyo. Ndiyo moja tu. Wa pili."

Wadha alifumbua mdomo. Neno lilikuwa hapo ulimini, dogo, la kawaida, na nyuma yake viyoyozi vitatu vimejipanga. Hata Nawar alikuwa amesimama kimya, akingojea, kama mtu ambaye hatapinga.

"Onyesho?" Bi Sayyida alikuwa amekidaka Kiarabu chote, alichokiongea yeye kwa makosa mengi na bila kuomba radhi hata moja. Alisimama bila ya bakora. "Nani kaigiza? Hakuna aliyenipanga mie. Nimetoka kwangu na pesa yangu, nikamsikia ndugu yangu anapiga kama marehemu baba yetu alivyokuwa akipiga, nikainuka. Anayetunza kwa kupangwa huyo hatunzi, huyo analipa mshahara. Usiniandike mie muigizaji, mwanangu. Niandike vyovyote vingine."

Marhoon alikuwa amevua kofia, ile riali ya dada yake bado imo ndani, na hakukohoa.

Mkuu wa majaji akamgeukia Wadha. "Wewe ndiye mwenye mahesabu. Nisikilize wewe. Ni sehemu ya onyesho au sivyo?"

Bado angeweza. Mzee kachanganyikiwa, bwana, msisikilize, ndiyo, tulipanga. Maneno mepesi kabisa. Wadha alimtazama wifi yake, ambaye kwa miaka thelathini na minane hawakupatana naye hata juu ya kiasi cha chumvi, kasimama pale kwa magoti yake mabovu, kidevu juu. Akakumbuka kitabu cha Bakhit na alichokitilia saini. Saini ya namna hiyo, moja kwa mwaka inatosha.

"Sivyo," alisema. "Wifi yangu hakuigiza. Andika nne."

Reem akafumba macho. Kalamu ilikwaruza.

Palibaki ile noti. Ustadh Hisham aliiinua kwa ncha za vidole akampa mwenyewe. Bi Sayyida akaweka mikono nyuma ya mgongo kama mtoto anayekataa dawa. Tunzo hairudi, alisema, ikirudi inaleta mkosi. Jaji naye hawezi kuiweka. Walisukumana mpaka mkuu wa majaji akapiga meza.

"Kuna njia moja tu ya halali," alisema. "Hisham, imba."

Na Ustadh Hisham, mtu wa miaka thelathini kwenye bendi ya jeshi, akakohoa, akaimba beti mbili za kwao Sur kwa sauti nzuri ajabu, na Nawar akampigia kigelegele cha Tabora, na noti ikaingia mfukoni mwake bila ya hongo.

*

Mwezi wa tano fundi alikuja na kiyoyozi kimoja. Beni lilikuwa limetoka la tatu, na dhamana ilitosha hicho tu, cha bei rahisi, na chenji ya baisa mia tisa. Nje jua lilikuwa limeshaacha utani; ndani Marhoon kavaa shuka na fulana, Reem kaweka miguu ndani ya beseni.

"Kiwekwe chumba gani, mama?" aliuliza fundi, ngazi begani.

Kila mtu akatazama pahala pengine. Marhoon alitazama chumba cha kulala, kwa matumaini. Reem alikitazama chake, kwa haki ya mtoto wa pekee. Wadha alipita katikati yao, akafungua mlango wa majlisi, sebule ya wageni, zilipokaa ngoma.

"Humu. Sote tutalala humu mpaka Oktoba. Marhoon, zile ndogo zipandanishe pembeni, tutandike magodoro."

"Na hii kubwa?" Marhoon alikuwa ameshaiegemea, kama mtu anayejiandaa kutetea. "Inakula nafasi ya magodoro mawili, najua. Naweza kuipeleka barazani, ila lile jua..."

Wadha aliitazama ngoma, akautazama ukuta fundi alipoanza kutoboa, akapima kwa jicho. Kengele ya nje ikalia. Alikuwa Bi Sayyida, na nyuma yake dereva kabeba godoro kichwani.

"Nimesikia kuna baridi," alisema, akaingia bila kungojea jibu, akachagua pale chini ya kiyoyozi hasa, akajinyoosha na bakora yake. "Mie hapa pananitosha. Kichwa upande huu."

"Hapo nilikuwa nilale mie, wifi."

"Basi tulale wote, mwembamba wewe."

Fundi akabonyeza. Upepo wa baridi ukashuka wote kwa pamoja, ukawakuta usoni, na Bi Sayyida akapiga chafya tatu mfululizo.

"Marhoon!" aliita Wadha, ambaye tayari alikuwa amelala chali, mikono wazi, macho kafumba. "Ilete ngoma kubwa huku kichwani kwetu, itukinge upepo. Taratibu, usiikwaruze. Haya. Sogeza kidogo. Hapo, wallahi, hapo hapo. Mwakani, kwenye mashindano, tunataka nayo iwe na ngozi mpya."